Umevuka miaka 60 na bado unakimbia: saa ipi inakufaa?

Mbio za Kilimanjaro zinapomalizika pale Moshi, kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, ubishi huwa uleule kila mwaka. Mmoja ananyanyua mkono kuonyesha kuwa saa yake imesoma kilomita 21.4. Mwenzake ana 21.2. Wa tatu, jasho bado linamtiririka, anaapa kwamba waandaaji wamewaongezea njia.

Mara nyingi hakuna aliyeongezewa kitu. Nusu marathoni ni kilomita 21.0975, na njia ya mbio yenye kibali cha kimataifa haipimwi kwa setilaiti. Inapimwa kwa baiskeli iliyofungwa kifaa kidogo cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, ikifuata mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 tu kutoka ukingo wa kona. Kisha wapimaji huongeza mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua. Sisi wakimbiaji hatufuati mstari huo. Tunahamia kulia kutafuta kivuli, tunahamia kushoto kufuata maji, tunawazunguka waliochoka. Ongeza makosa madogo ya saa yenyewe, na hapo kuzidi kwa mita 200 au 300 ni jambo la kawaida kabisa.

Nataja ubishi huu kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na watu wa rika langu wanapotaka kununua saa ya mazoezi: ipi inapima umbali sawasawa? Hilo ni swali la vijana. Kwetu tuliovuka 60, umbali ndio jambo dogo kuliko yote, na karibu kila saa yenye GPS ndani yake inayouzwa leo inaupima kwa kiwango kinachotutosha. Kijana ananunua saa imsukume. Mzee anahitaji saa ya kumzuia, imwambie punguza kabla mwili haujamwambia kwa ukali zaidi. Ukinunua kwa lengo hilo, orodha ya sifa unazozitafuta inabadilika sana.

Macho na vidole kwanza

Tangu tulipokuwa na miaka arobaini na kitu, lenzi za macho yetu zilianza kukakamaa. Wengi tunasoma kwa miwani, na sijaona mtu anayekimbia na miwani ya kusomea. Kwa hiyo kabla ya kuuliza saa ina nini ndani, ivae dukani, nyoosha mkono nusu, tembea hatua kadhaa bila miwani na ujaribu kusoma. Ukishindwa pale penye taa nyingi, barabarani utashindwa zaidi.

Ukubwa wa kioo si ukubwa wa tarakimu. Garmin Forerunner 55, iliyotoka mwaka 2021, ina kioo kidogo cha inchi 1.04 tu, na ukiiona kabatini utadhani ni ya mtoto. Lakini inakuruhusu kupanga ukurasa wako mwenyewe. Ukiweka vitu viwili tu, muda na mapigo ya moyo, tarakimu zinakuwa kubwa na zinasomeka. Kosa la wengi ni kuuacha ukurasa kama ulivyotoka kiwandani, umejaa vinamba ambavyo hata mjukuu angevikodolea macho.

Kuna aina mbili kuu za vioo, na hapa wakati unaokimbia una uzito kuliko bei. Aina ya kwanza haitoi mwanga mwingi, inatumia mwanga wa jua kujionyesha. Kadiri jua linavyowaka ndivyo inavyosomeka. Forerunner 55 na Coros Pace 3 ya mwaka 2023 ziko kundi hili. Aina ya pili ni kioo kinachong'aa kama cha simu, na ndicho kilichomo kwenye Forerunner 165 ya mwaka 2024, Apple Watch na saa za Samsung. Kama wewe ni wa Daraja la Tanzanite saa kumi jioni, jua la Dar es Salaam likiwa bado kali, aina ya kwanza itakufaa na chaji yake itadumu. Kama unatoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa joto, kama wafanyavyo wazee wengi wenye busara, kioo kinachong'aa kitakuokoa macho, kwa kuwa kile kingine gizani kinahitaji ubonyeze taa kwanza.

Vidole navyo vina habari zao. Kioo cha kugusa kikilowa jasho huwa kinasikia amri ambazo hukutoa, na kinakataa ulizotoa. Forerunner 55 haina kabisa kioo cha kugusa. Ina vitufe vitano, na ukivizoea unaviendesha bila kuangalia. Pace 3 ina kitufe kimoja na kirungu kidogo cha kuzungusha. Vijana wanakisifia, lakini mwenye viungo vya vidole vinavyouma asubuhi ajaribu kwanza. Uzito wake, kwa upande mwingine, ni gramu 30 tu ikiwa na mkanda wa kitambaa, na unaweza kusahau kwamba umeivaa.

Chaji sitaizungumzia sana. Apple wenyewe kwa miaka mingi walitaja saa 18 za matumizi kwa saa zao za kawaida, maana yake utaichaji kila siku, umeme uwepo usiwepo. Forerunner 55 inakwenda hadi wiki mbili kwa matumizi ya kawaida. Pace 3 inaweza kurekodi saa 38 mfululizo za GPS, muda ambao hakuna kati yetu atakayeukimbia. Jambo moja tu: waya wa kuchajia wa saa hizi si ule wa simu, na ukipotea kuupata mwingine mikoani ni kazi.

Namba ya moyo

Hapa ndipo penyewe.

Mgongoni mwa saa kuna taa za kijani. Damu inanyonya mwanga wa kijani, na kila pigo la moyo linapoleta damu zaidi kwenye mishipa midogo ya kifundo cha mkono, mwanga unaorudi hupungua. Saa inahesabu kupanda na kushuka huko. Ukiwa umekaa barazani, inafanya kazi vizuri. Ukianza kukimbia, mkono unatikisika, damu inasukwasukwa, na saa lazima ikisie lipi ni pigo na lipi ni mtikisiko. Mkanda ukilegea, hesabu inaharibika. Baridi ikikaza mishipa ya ngozi, kama asubuhi za Njombe mwezi Julai, inaharibika pia. Rangi ya ngozi nayo hunyonya sehemu ya mwanga huo wa kijani, ndiyo maana sisi wenye ngozi nyeusi tunapaswa kuwa waangalifu zaidi jinsi tunavyoivaa: vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo, ikibana kiasi cha kutoteleza.

Kuna kosa moja ambalo kwa mzee linatisha kuliko kwa kijana. Wakati mwingine saa inadaka mdundo wa miguu badala ya mdundo wa moyo. Wengi wetu tunapiga hatua kama 160 hadi 170 kwa dakika. Kijana akiona 168 kwenye saa yake hashtuki, kwa kuwa anaweza kuufikia mdundo huo. Mwenye miaka 67 akiona 168 anadhani anakufa. Dawa ni rahisi. Simama, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha mara nne. Kama vidole vinasema 132, amini vidole.

Anayetaka namba ya kuaminika anunue mkanda wa kifuani. Huo hautumii mwanga. Unasoma umeme wa moyo wenyewe. Kampuni ya Polar ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 1977, ndiyo iliyotoa kipimo cha kwanza cha mapigo kisichotumia waya mwaka 1982, na mkanda wake wa H10 unazungumza na saa za karibu kampuni zote. Mtu akiniambia ana fedha za kununua saa ya gharama au saa ya wastani pamoja na mkanda, sisiti hata kidogo: ya wastani na mkanda.

Namba yenyewe ikishapatikana, bado kuna tafsiri yake. Saa nyingi zinapoanza kazi hukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo wako kwa kutoa umri wako kwenye 220, hesabu iliyoenea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwenye miaka 70 anapewa 150. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake wa Marekani walichapisha hesabu nyingine, ya 208 kutoa asilimia 70 ya umri, na kwa mtu huyohuyo inatoa 159. Tofauti ya mapigo tisa inatosha kufanya mbio zako nyepesi zionekane nzito na saa ikulilie bure njia nzima. Tena zote mbili ni wastani wa watu wengi. Kupishana nao kwa mapigo kumi juu au chini ni jambo la kawaida kwa mtu mmoja. Karibu saa zote hukuruhusu kubadilisha namba hiyo kwenye programu ya simu. Ibadilishe, na daktari aliyekupima akikimbiza moyo wako kwenye mashine akikupa namba yake, tumia hiyo uachane na hesabu zote.

Halafu kuna dawa za presha. Wengi wetu tunazimeza, na baadhi, kama atenolol, bisoprolol na carvedilol, kazi yake mojawapo ni kupunguza kasi ya moyo, ukiwa umelala na ukiwa unakimbia. Saa haijui. Inaona moyo unaopiga mara 52 umekaa, inaona unapanda mlima kwa mapigo 115, inahitimisha kwamba wewe ni mwanariadha hodari na inakupongeza kwa kuwa na mwili wa mtu wa miaka 45. Nimeona wazee wakitembeza pongezi hizo kijiweni kwa furaha kubwa. Ni kidonge kinachopongezwa. Amlodipine haipunguzi mapigo namna hiyo, kwa hiyo jua jina la dawa yako kabla hujaiamini saa. Na kama unatumia zile za kukojoza, joto na unyevu wa pwani vinakukausha haraka kuliko kijana wa pembeni yako, jambo ambalo hakuna kioo kitakachokuonyesha.

Kwa hiyo mwenye dawa hizo afanyeje? Atumie salamu. Ukikimbia asubuhi mitaa ya Kinondoni au Temeke, vijana watakuamkia njia nzima. Kama unaweza kuitikia marahaba, ukauliza na habari za nyumbani bila kukata pumzi katikati ya sentensi, uko pale unapotakiwa kuwa siku nyingi za wiki. Marahaba ikitoka nusunusu, punguza. Kipimo hiki hakibadilishwi na kidonge wala hakihitaji chaji, na makocha wa nchi nyingi wanakitumia kwa namna yao, japo bila shikamoo.

Yale mengine ambayo saa inayatoa kwa kujiamini, kama kiwango cha oksijeni mwili unachoweza kutumia, saa za kupumzika na alama ya usingizi, ni makisio yaliyojengwa juu ya namba hiyohiyo ya moyo. Mwelekeo wake wa miezi mingi unaweza kukufundisha kitu. Wa siku moja, upuuze. Saa za bei ya juu kama Forerunner 265 hufikia hatua ya kukuhukumu kwamba mazoezi yako hayana tija, na hukumu hiyo hupenda kuja Januari na Februari, wakati joto la Dar es Salaam linaupandisha moyo wa kila mtu. Na tafadhali zima ile tahadhari ya kukuambia uinuke utembee. Ikitetemeka ukiwa umekaa mkekani msibani, haichekeshi.

Wanaokuuzia miujiza

Pita madukani Kariakoo na utaonyeshwa saa za bei ya chini sana zenye sura ya Apple. Muuzaji kijana, heshima zote, atakuita mzee wangu na kukuambia kwamba hii inapima presha, inapima na sukari, huna haja ya kutoboa kidole tena. Usinunue. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari bila kutoboa ngozi. Mgonjwa wa kisukari akipanga dozi ya insulini kwa namba ya saa kama hiyo, hatari yake haina mjadala. Kwa presha, hata Samsung, ambao saa zao zina kipimo hicho katika baadhi ya nchi, wanakutaka uisahihishe kila baada ya siku 28 kwa mashine ya kawaida ya kufunga mkononi. Ikiwa mashine unayo, pima kwa mashine.

Jambo jingine la kuuliza dukani: GPS iko ndani ya saa, au inaazima ya simu? Mikanda ya bei nafuu kama Xiaomi Smart Band 9 haina yake; lazima ukimbie na simu. Si dhambi, kwa kuwa mzee anayekimbia peke yake anapaswa kuwa na simu, lakini ujue. Ukitaka bei ya chini na GPS ya ndani, Amazfit Bip 5 ilizinduliwa kwa dola 90 za Marekani na ina kioo kikubwa cha inchi 1.91. Kwa macho yetu hiyo si haba.

Kipo pia kile ambacho saa za bei ya juu hufanya kweli. Apple Watch, kuanzia toleo la nne la mwaka 2018, inaweza kutambua kuwa umeanguka vibaya, na ukisajili umri wa miaka 55 au zaidi huduma hiyo hujiwasha yenyewe. Inaweza pia kukutahadharisha kuwa mdundo wa moyo hauna mpangilio, hali inayoongeza hatari ya kiharusi na inayowapata wazee zaidi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia watu zaidi ya 400,000 waliovaa saa hizo. Waliopata tahadhari hawakufika 2,200, na kati ya waliovaa kipimo cha kitabibu baada ya hapo, theluthi moja hivi ndio walioonekana na hitilafu. Maana yake tahadhari si hukumu, ila ni sababu tosha ya kwenda kumwona daktari wa moyo, iwe Taasisi ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili au hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Na kukaa kimya kwa saa si cheti cha uzima. Kipimo chake cha umeme wa moyo huruhusiwa nchi kwa nchi, kwa hiyo hakikisha kimefunguliwa ulipo kabla hujalipa, na kumbuka bila iPhone saa hiyo haikufai. Garmin nazo zina huduma ya kutuma ujumbe kwa ndugu ukianguka, lakini kupitia simu yako, tena yenye bando. Karatasi yenye jina lako na namba ya mwanao mfukoni haihitaji bando.

Nani alisema lazima uwe na saa ya namna hii, hata hivyo? Mwaka 2003, mwaka uleule Garmin walipoingiza sokoni Forerunner za kwanza, Ed Whitlock wa Canada, akiwa na miaka 72, alikuwa mtu wa kwanza aliyevuka 70 kumaliza marathoni chini ya saa tatu. Mwaka uliofuata alikimbia saa 2 dakika 54 na sekunde 48. Mazoezi yake yalikuwa kuzunguka makaburi ya karibu na nyumbani kwake, polepole, mpaka saa tatu kwa siku, akihesabu muda na si kilomita. Kwa mtindo huo Casio F-91W ya mwaka 1989 ingekutosha, ila kipima muda chake kinafika dakika 59 na sekunde 59 kisha kinaanza upya. Eliud Kipchoge naye, ambaye Coros walimtolea toleo maalumu la Pace 2 lenye jina lake, anajulikana kwa kuandika kila zoezi kwenye daftari kwa mkono. Daftari ndilo pekee linalopokea habari kwamba jana ulibadilishiwa dawa, au goti liliuma ukishuka ngazi.

Ukinibana nichague, nachagua Forerunner 55 pamoja na mkanda wa kifuani. Ilizinduliwa kwa dola 200, na kwa kuwa matoleo mapya yanaendelea kutoka, bei yake hupungua. Mwenye kupenda wepesi na chaji ndefu achukue Pace 3, dola 229. Anayekimbia gizani na mfuko unaruhusu, Forerunner 165, dola 250. Hizi ni bei za kuzinduliwa Marekani. Usafiri na ushuru vitaziongeza. Apple Watch namshauri mtu wa aina moja tu: mwenye iPhone tayari, anayeishi peke yake au mwenye historia ya moyo, na asiyechoka kuchaji kila usiku. Forerunner 265 na ndugu zake waachieni watoto.

Siku ya kuiwasha saa itakuuliza mwaka wa kuzaliwa. Wapo wenzetu wanaoandika ule wa kwenye cheti cha kazini, na wapo wanaojipunguzia kumi kwa furaha ya nafsi. Saa inapanga mapigo yako, mipaka yako na hata huduma ya kuanguka kwa kutumia mwaka huo. Andika wa kweli.